Kutoka Kilifi Kwenda Kuhesabu Pumzi Nairobi

Jumapili, 13 Julai 2025

Kaka yangu alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri, na kwa saa ile nilijua kwamba hakuwa akitaka kunijulia hali. "Dada, mtoto amelazwa," alisema. "Wanasema ni nimonia. Nenda wewe, maana unayajua mambo haya." Mtoto huyo ni mjukuu wetu, binti wa binti yake, mwenye umri wa majuma saba, aliyezaliwa Nairobi mwishoni mwa Mei, majuma manne kabla ya wakati wake. Wifi yangu hawezi safari ndefu kwa sababu ya miguu, kwa hiyo safari ikawa yangu mimi shangazi.

Kaka aliposema ninayajua mambo haya, alikuwa akiikumbuka kazi yangu ya zamani. Kwa miaka mingi nilifanya kazi Kilifi katika utafiti wa magonjwa ya njia ya hewa. Sikuwa daktari. Nilikuwa mmoja wa wale waliotembea nyumba kwa nyumba wakichukua ute wa pua kwa kijiti chenye pamba. Kuanzia Desemba 2009 hadi Juni 2010 tulizifuata kaya 47 zenye watu 493, mara mbili kila juma, tukimpima kila mmoja, awe anakohoa au ni mzima kabisa. Virusi tulivyokuwa tukivitafuta zaidi ni vile vinavyojulikana kwa herufi tatu, RSV, yaani respiratory syncytial virus. Kwa mtu mzima huwa ni mafua ya siku chache, na karibu kila mtoto duniani huwa amevipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtoto wa majuma saba hali ni nyingine. Jambo lililonikaa akilini tangu miezi ile ni kwamba mtoto mchanga mara nyingi hupata maambukizi kwa kaka au dada yake anayekwenda shule, ambaye hurudi na kamasi jioni na kumbusu mdogo wake.

Nilipanda treni ya alasiri pale Miritini. Njia nzima, kutoka Voi hadi Mtito Andei na kuendelea, nilikuwa nikizipitia kichwani tarakimu ambazo zamani niliwatajia wageni waliokuja kututembelea. Katika mwaka 2019 pekee, RSV ilikadiriwa kusababisha maambukizi ya mapafu milioni 33 kwa watoto walio chini ya miaka 5, milioni 3.6 kati yao wakalazwa, na zaidi ya 100,000 wakafa. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa wamefikisha miezi sita. Na katika kila vifo 100, takribani 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Zamani nilizitaja kwa fahari ya mtu aliyechangia kuzipata. Leo, kila nilipofika kwenye ile miezi sita, nilipoteza hesabu na kuanza upya.

Nilishuka Syokimau usiku, na baridi ya Julai ikanipokea. Mkwe wangu alikuwa akinisubiri langoni, amevaa koti la kazini. Alinipokea mzigo, akaniamkia, kisha akanyamaza hadi tulipoketi ndani ya matatu. "Shangazi," alisema hapo, "mtoto anapumua kama aliyekimbizwa."

Jumatatu, 14 Julai

Wodi ya watoto ina harufu ya maziwa, dawa ya kusafishia sakafu na nguo ambazo hazikukauka vizuri. Hospitali ni ya umma, na sitaitaja. Vitanda vilivyopo havitoshi, kwa hiyo karibu kila kimoja kina watoto wawili, na mama zao huketi kwenye viti vya plastiki, mmoja kila upande, wakipeana zamu ya kulaza kichwa ukingoni mwa godoro. Binti yangu nilimkuta hivyo. Aliponiona hakulia. Aliinua shuka ili nimwone mtoto, na nikaona alichotaka nione.

Kila alipovuta pumzi, ngozi iliyo chini ya mbavu ilibonyea ndani kana kwamba kuna mtu aliyeivuta kwa uzi kutoka mgongoni. Matundu ya pua yalikuwa yakitanuka, na mwisho wa kila pumzi ulikuwa na mguno mdogo. Nilitazama saa ya ukutani nikahesabu kwa dakika nzima, kwa sababu ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili unaweza kukosea sana kwa mtoto mchanga, ambaye hupumua kwa kupumzika na kuanza tena. Nilipata pumzi 74. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, 60 ni kikomo cha kumkimbiza hospitali. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, kikomo ni 50. Na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Hesabu hii haihitaji mashine wala umeme, na mama yeyote mwenye simu anaweza kuifanya, lakini sikumkuta mama hata mmoja katika wodi ile aliyewahi kufundishwa.

Mirija miwili myembamba ilikuwa imebandikwa puani mwake, ikitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma kwenye kona. Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida, huchuja naitrojeni na kutoa hewa ambayo karibu yote ni oksijeni. Mashine moja ilikuwa imegawanyiwa watoto wanne kwa kiungo cha mipira. Kipimo cha kidoleni kilikuwa kimoja, nacho muuguzi alikihamisha kutoka kitanda hadi kitanda. Karatasi ya mtoto ilionyesha kwamba alipofika, usiku wa kuamkia Jumapili, damu yake ilikuwa na oksijeni ya asilimia 84. Chini ya 90 ni hatari isiyobishaniwa. Adhuhuri hii, akiwa na mirija, kilisomeka 93. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, karibu mita 1,700, na hata kwa mtoto mzima hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ya Kilifi, kwa hiyo aliye mgonjwa huanza safari akiwa na akiba ndogo.

Daktari wa zamu ni kijana mpole mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimuuliza kama wamechukua ute wa pua. Alinitazama kidogo, akaniuliza nimefanya kazi wapi, kisha akajibu bila kuficha: kipimo hicho hakipo kwa matumizi ya kila siku, na hata kingekuwepo, tiba isingebadilika. Kwenye karatasi ameandika nimonia kali, na chini yake bronkiolaiti, yaani uvimbe wa vijia vidogo vya hewa, kwa alama ya kuuliza. Ninaijua mantiki hiyo na siwezi kumlaumu. Kwa mtoto wa umri huu huwezi kutenganisha bakteria na virusi kwa kusikiliza kifua, na gharama ya kukosea ni maisha, kwa hiyo anapewa penisilini na jentamaisini kwa tahadhari. Hata hivyo, sitaandika humu kwamba mjukuu wangu ana RSV, kwa sababu hakuna aliyempima. Mimi niliyechukua maelfu ya sampuli za watu wengine siwezi kupata hata moja ya mtoto wangu mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Leo mtoto alipolala kidogo, binti yangu alinisimulia jinsi walivyofika hapa, na nimeona vyema kuiandika njia yote.

Jumatano ya juma lililopita mtoto alipata mafua. Kaka yake wa miaka sita alikuwa na kamasi tangu Jumatatu, kama nusu ya darasa lao. Alhamisi alianza kukohoa, na baba alipitia duka la dawa akitoka kazini. Akauziwa dawa ya maji ya kikohozi, ambayo mtoto wa umri ule hapaswi kupewa, pamoja na amoksilini ya unga ya kuchanganywa na maji. Ijumaa mtoto akaanza kuliachia titi kila baada ya kunyonya mara tatu au nne. Jirani, kwa nia njema kabisa, alisema ni kimio, na kwamba anamjua mzee anayekikata kwa dakika moja. Binti yangu alikataa, na ninamshukuru Mungu kwa ukaidi huo, maana nimewahi kuona mtoto aliyevuja damu kwa jambo hilo. Jumamosi asubuhi walikwenda kwenye zahanati ya kulipia iliyo karibu na barabara. Walimpima joto, wakamchoma sindano, wakalipisha, wakawarudisha nyumbani. Hawakumvua nguo. Ninaandika hili kwa uchungu: kama mtu angeinua fulana ile na kutazama mbavu kwa nukta kumi tu, angeona.

Saa nne usiku midomo ilianza kuwa na rangi ya kijivu. Walipata bodaboda iliyokubali kuwabeba watatu, wakafika kituo cha kwanza ambacho hakikuwa na oksijeni, wakaambiwa watafute gari, na gari lilipopatikana dereva alitaka pesa mkononi. Baba alimwachia simu yake. Walifika hapa karibu na saa saba. Ukitazama ramani, kutoka nyumbani kwao Mukuru kwa Njenga hadi hapa ni mwendo mfupi wa gari. Iliwachukua siku tatu.

Ni muhimu kueleza kwa nini siku tatu hizo ni nyingi sana kwa kifua kidogo. Virusi vya RSV hushambulia utando wa vijia vidogo vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu. Seli zilizoambukizwa huungana na jirani zake na kuwa bonge moja, na ndiko lilikotoka neno la kati katika jina la virusi, syncytial. Kisha hufa na kubanduka, zikachanganyika na ute mzito na kuziba njia. Kwa mtu mzima njia ni pana na mtu atakohoa tu. Kwa mchanga kijia kina upana usiofikia milimita moja, na uvimbe kidogo hukifunga. Hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Mtoto hulazimika kufanya kazi kwa kila pumzi, mchana na usiku, na kwa sababu hawezi kupumua na kunyonya kwa wakati mmoja, huacha kunyonya, akaishiwa maji na nguvu. Wengine, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati, husahau kupumua kabisa kwa nukta kadhaa.

Dawa ya kuviua virusi hivi tunayoweza kumpa haipo. Kinachofanyika ni kumshikilia: oksijeni puani, maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kupitishwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni, kumfyonza kamasi, kumgeuza, na kungoja siku tano hadi saba mwili uvishinde wenyewe. Ndiyo sababu kifo cha mtoto kwa ugonjwa huu ni nadra sana mahali ambapo oksijeni haikosekani, wakati virusi ni vilevile na watoto ni walewale. Wakati wa korona, baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, jiji zima lilijifunza neno oksijeni kwa majuma machache, na hospitali nyingi za umma zikapata mitambo ambayo hazikuwa nayo. Wodi za watoto zilikuwa zikilihitaji neno hilo miaka mingi kabla.

Leo nimemfundisha binti yangu kuhesabu. Mara ya kwanza alipata 80 na mimi 70. Mara ya tatu tulipata sawa, 68. Mama aliyeketi upande wa pili wa kitanda aliomba naye aonyeshwe kwa mtoto wake.

Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda Mukuru kuoga, kupika na kumwona mvulana, ambaye tangu Jumapili analelewa na jirani.

Chumba chao ni cha mabati, hatua nne kwa nne hivi, na kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja kuna kitanda, upande wa pili kuna kochi ambalo mvulana hulalia, jiko la makaa na ndoo za maji. Hakuna dirisha isipokuwa tundu lililokatwa juu ya mlango, nalo limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Niliwasha jiko nje nikalingoja lishike kabla ya kuliingiza, lakini ninajua kwamba mvua inaponyesha huwashwa ndani, na kwamba katika miezi hii ya baridi huachwa linafuka usiku ili mtoto apate joto. Sikumkemea mtu. Ukimwambia mama afungue tundu, atakuuliza mtoto apate joto kwa njia gani, na swali hilo ni la haki.

Mvulana alinikumbatia kwa pua iliyojaa kamasi na kuniuliza kama ni yeye aliyemuua mtoto. Jirani mmoja alimwambia kwamba mafua yametoka kwake. Nilimketisha magotini nikamweleza kwamba mtoto hajafa, na kwamba yeye naye aliambukizwa na mwenzake, na mwenzake na mwingine, na kwamba hakuna aliyekosa. Katika zile kaya 47 tulichora mishale mingi iliyotoka kwa watoto wa shule kwenda kwa wachanga. Haikunijia wakati ule kwamba mwanzoni mwa kila mshale kulikuwa na mtoto anayeweza kuuliza swali kama hili.

Baba amekosa vibarua vya siku nne katika kiwanda anachofanyia kazi ya kupakia mizigo, na anayekosa siku nne nafasi yake huchukuliwa. Binti yangu alikuwa arudi kufua nguo za watu mwezi ujao, sasa hajui. Simu bado iko kwa dereva. Bima ya afya waliandikishwa lakini mchango haukuwa umelipwa, kwa hiyo kila kitu kisichotolewa bure kinanunuliwa. Nimeona makala nyingi za kitaalamu zikizungumzia mzigo wa maradhi, na mzigo huo hupimwa kwa vifo na siku za kulazwa. Hakuna safu ya jedwali niliyoijaza mimi iliyouliza simu ya baba iko wapi.

Usiku wa leo umeme ulikatika hospitalini. Ile ngurumo ya mashine ilinyamaza, na wodi nzima ikasikia kimya hicho kabla ya kuona giza. Muuguzi alikuja mbio akisukuma mtungi mmoja wa oksijeni, na kwa mwanga wa simu zetu akahamisha mipira. Jenereta ilichukua muda kuwaka. Sikutazama saa, nilikuwa nikihesabu pumzi.

Alhamisi, 17 Julai

Kabla ya kupambazuka mama mmoja aliingia kupitia mlango wa dharura akiwa na mtoto amemfunga kwa leso kifuani. Daktari yule kijana alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamfunika. Kwenye daftari aliandika kwamba alifika akiwa amefariki. Mama alisema mtoto alikuwa na mafua tu.

Hakuna ute uliochukuliwa, na hakuna atakayemhesabu mtoto huyo katika safu yoyote ya virusi. Huko Lusaka, Zambia, watafiti waliamua kuwapima watoto wachanga wakiwa tayari wamefikishwa mochari, na wakakuta kwamba wengi wa waliokufa wakiwa na RSV walifia nje ya hospitali, nyumbani au njiani. Sina zaidi ya kuandika leo.

Ijumaa, 18 Julai

Mtoto amelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza. Pumzi 58. Muuguzi amepunguza oksijeni, na kipimo kimebaki 94.

Mchana nilikutana na mwenzangu wa zamani wa Kilifi ambaye sasa anafanya kazi katika maabara hapa jijini. Tulikunywa chai kwenye kibanda karibu na Barabara ya Mbagathi, na kwa kuwa sisi wawili hatujui kuzungumza jambo jingine, tulizungumza RSV. Alinikumbusha jinsi historia ya virusi hivi ilivyo ndefu. Viligunduliwa Marekani mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa watoto. Mwaka 1966 palijaribiwa chanjo iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa formalini. Badala ya kuwakinga watoto, iliwafanya waliopata virusi baadaye waugue vibaya zaidi, na wawili wakafa. Hofu ya jambo hilo ilirudisha nyuma kazi ya chanjo kwa miongo mingi, hadi mwaka 2013, wanasayansi walipofaulu kuona umbo la protini ya virusi kabla haijaungana na seli. Kutokana na umbo hilo zikatengenezwa chanjo zinazofanya kazi.

Mojawapo hupewa mama mjamzito. Ni sindano moja. Mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, zikamlinda katika miezi ile ya mwanzo inayoua zaidi. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ubora wake Machi mwaka huu, na Mei likatoa msimamo kwamba nchi zote zianzishe kinga kwa wachanga, ama kwa chanjo ya mama kuanzia juma la 28 la ujauzito, ama kwa sindano ya kingamwili iitwayo nirsevimab anayopewa mtoto mwenyewe. Marekani imekuwa na zote mbili tangu 2023.

"Na sisi?" nilimuuliza.

"Dada, wewe unajua bei hupangwaje," alisema. Benki ya Dunia iliiondoa Kenya kwenye orodha ya nchi za kipato cha chini mwaka 2015, na kadiri pato la nchi linavyopanda kwenye karatasi, ndivyo misaada ya chanjo inavyopungua na serikali kutakiwa kulipa sehemu kubwa zaidi. Mukuru haikuhama kutoka mahali ilipokuwa. Alinikumbusha pia mfano unaonipa moyo: chanjo dhidi ya nimokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, ambayo iliingizwa nchini mwaka 2011, ilipunguza sana maradhi ya bakteria hao kwa watoto wa Kilifi, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba chanjo hazitufikii kamwe. Lakini ndiyo hasa sababu virusi sasa vimebaki mbele. Utafiti mkubwa wa nchi saba, Kilifi ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba karibu asilimia 61 ya nimonia kali za watoto waliolazwa zilitokana na virusi, na RSV peke yake ilibeba kama asilimia 31.

Niliporudi wodini nilikiomba kijitabu cha kliniki cha binti yangu. Amekihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, safi, kila ukurasa umejazwa. Katikati ya Aprili, mimba ikiwa na majuma 30, alikwenda kliniki, akapimwa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma, akachomwa sindano ya pepopunda. Alitimiza yote aliyoambiwa. Alikuwa ameketi pale, mkono umeshafunuliwa, muuguzi ameshika sindano mkononi. Kwa miaka zaidi ya ishirini, tangu utafiti wa RSV ulipoanza Kilifi mwaka 2002, akina mama wa pwani wamekubali watoto wao wapekuliwe pua kwa ajili ya siku kama ile ya Aprili. Mimi ndiye niliyewaambia, kwenye vizingiti vya nyumba zao, kwamba matokeo yatawasaidia wajukuu wao.

Nilikirudisha kijitabu kwenye mfuko wake. Hakuniuliza nilikuwa nikitafuta nini.

Jumamosi, 19 Julai

Mirija imetolewa saa tatu asubuhi. Kipimo bila oksijeni: 92, baadaye 93, baadaye 95 akiwa amenyonya. Amenyonya titi lenyewe, dakika kumi, bila kuliachia.

Jumapili, 20 Julai

Tumeruhusiwa. Karatasi ya kutoka inasema nimonia kali, na ile alama ya kuuliza pamoja na neno lililokuwa mbele yake havikunakiliwa. Mkwe wangu amekopa pesa kwa wenzake akaikomboa simu, akatufuata na teksi badala ya bodaboda, nami sikumzuia.

Binti yangu aliniuliza njiani, "Shangazi, akishapona, hautamrudia tena?" Nilimjibu ukweli: unaweza kumrudia, kwa sababu mwili hausahau kabisa wala haukumbuki vizuri virusi hivi, lakini kila mwezi unaopita njia zake za hewa zinapanuka, na ukimrudia akiwa mkubwa hautakuwa na nguvu ileile. Nikamwambia pia anyonyeshe bila kuacha, jiko liwake nje, wanaokohoa wanawe mikono na wasimbusu, na kwamba akiona mbavu zinabonyea asipitie dukani wala zahanati ile, aje moja kwa moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na kaka yake je?"

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya kesho. Nimeiahirisha hadi Ijumaa. Nitalala na mvulana kwa jirani mpaka hapo, maana bado anakohoa, na chumba ni kimoja.